Maji ya akiba: shida haiko kwenye maji, iko kwenye dumu na mkono

Ukimuuliza mtu kama ana maji ya dharura nyumbani, jibu linakuja haraka, "ninayo, nimejaza madumu". Sawa, lakini hapo amejibu swali moja kati ya matatu, na naona mkanganyiko mwingi kwenye hii mada unaanzia hapo, watu wameyabeba maswali matatu kama vile ni moja. Swali la kwanza, je yanatosha? La pili, vijidudu vimekufa? La tatu, ambalo karibu hakuna anayeliuliza, yatabaki salama mpaka siku utakayoyanywa? Maana unaweza kuwa na pipa zima la maji uliyochemsha mwenyewe kwa uangalifu wote na bado wiki ya pili watoto wakaanza kuharisha, na ukabaki unajiuliza umekosea wapi wakati mbili za kwanza ulizifanya vizuri.

Kitu cha kushika mapema ni kwamba maji yenyewe hayaozi. Yakae mwezi, yakae mwaka, maji ni yaleyale. Kinachobadilika ni vile vilivyomo ndani yake na vile vinavyoingia, kutoka kwenye chombo, kwenye hewa, kwenye mwanga na zaidi ya vyote kwenye mikono yetu. Ukishaelewa hivyo mambo mengi yanajipanga yenyewe, unaacha kuuliza "maji yanakaa muda gani" unaanza kuuliza "nimeyafungia nini humo ndani na nani anayagusa".

Tuanze na kiasi kwa sababu ndo rahisi. Mtu mzima anahitaji kama lita 2 na nusu mpaka 3 kwa siku za kunywa na zile zinazoingia kwenye chakula, na kipimo kinachotumika sana kwa maandalizi ya nyumbani ni karibu lita 4 kwa mtu kwa siku, inaingia kunywa, kupika kidogo na usafi mdogo mdogo kama kunawa mikono na kupiga mswaki. Muda wa chini kabisa siku 3, ukiweza wiki 2. Sasa piga hesabu ya nyumba ya watu watano, lita 4 mara 5 ni lita 20, yaani dumu moja kubwa kwa siku. Siku 3 ni madumu 3. Wiki 2 ni madumu 14, lita 280, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja huo ni mzigo wa kilo 280 unaouweka sehemu moja ya nyumba yako, kwa hiyo usinipangie juu ya shelfu la mbao wala juu ya kabati.

Lakini hapo hapo utasikia mwingine anakwambia mtu anahitaji lita 15 kwa siku, na watu wanabishana nani mkweli. Wote wakweli. Lita 15 ni kipimo cha Sphere, ule mwongozo wa mashirika ya misaada, na humo kuna kuoga, kufua, kuosha vyombo, kila kitu. Ndo maana nashauri uyatenganishe, maji ya kunywa yawe na vyombo vyake ambavyo havifanyi kazi nyingine, na maji ya chooni na kufulia yawe kwenye mapipa yake. Ukiyachanganya utajikuta unahangaika kutibu lita 75 kwa siku wakati zinazoingia mdomoni hazifiki hata 20, au vibaya zaidi, unachoka unaacha kutibu zote.

Na ongeza kama kuna mgonjwa, kama kuna mama ananyonyesha, kama ni msimu wa joto kali. Mtu anayeharisha anakunywa maji kuliko unavyodhani, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari wenyewe unataka lita nzima ya maji salama, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo, na anaweza kumaliza zaidi ya hiyo kwa siku moja. Kingine, yakianza kupungua usiwanyime watu kunywa ili yafike kesho. Punguza kazi, kaeni kivulini, acheni kufua, lakini kiu ya leo ipatiwe maji leo huku mnatafuta mengine. Watu wamezimia na dumu lina maji, inauma sana.

Haya, chombo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo penye uharibifu mwingi.

Dumu la akiba liwe la plastiki ya chakula. Geuza chini uangalie ile pembetatu yenye namba, 1, 2 na 5 ndizo zinazotumika sana kwa vyakula na vinywaji, na madumu mengi magumu yanayofaa maji ni namba 2. Lakini namba peke yake haitoshi, historia ya dumu ndo muhimu zaidi. Lililowahi kubeba dawa ya mimea, mafuta ya taa, petroli, rangi, sabuni kali za kiwandani, hilo halisafishiki, plastiki imeshanywa ile kemikali na itairudisha taratibu kwenye maji yako, hata ulioshe mara ishirini. Hata la maziwa liache, mabaki ya maziwa yanajificha kwenye pembe na vijidudu vinapata chakula. Na hiyo tabia ya plastiki kunywa harufu inafanya kazi hata kutokea nje, ukiweka maji mazuri chumba kimoja na dumu la petroli au dawa ya wadudu, mvuke unapenya taratibu. Hata zile chupa za kiwandani zilizofungwa kabisa ziko hivyo, maji ndani hayajaharibika ila chupa ikikaa juani au karibu na mafuta yanachukua ladha na harufu. Yaweke mbali, chumba kingine kabisa.

Kuosha kunafanywa hivi. Sabuni na maji kwanza, sugua ndani, suuza. Halafu chukua lita moja ya maji weka kijiko kidogo kimoja cha jiki isiyo na manukato, mimina kwenye dumu, funga, tikisa mpaka iguse kila upande, na mfuniko pia, iache angalau nusu dakika, mwaga, liache likauke au suuza na maji ambayo tayari ni salama. Usiruke hatua ya sabuni ukadhani jiki itafanya kazi zote. Si unajua ule utelezi unaousikia ukipitisha kidole ndani ya ndoo iliyokaa na maji muda mrefu? Ule ute ni makazi ya bakteria, wamejijengea kabisa, wanakaa chini ya ule utando na klorini, ile dawa ya kuua vijidudu iliyomo kwenye jiki, inaua wa juu tu, wa ndani wanabaki wanaendelea na maisha. Kwa hiyo lazima usugue kwanza uvunje nyumba yao.

Alafu mdomo wa chombo. Huyu ndo mzizi wa lile swali la tatu. Ndoo yenye mdomo mpana inaalika kikombe, kikombe kina mkono, mkono umetoka kumbadilisha mtoto nepi au kushika noti au kufunga mlango wa choo. Sio uchafu wa makusudi, ni maisha tu. Maji yanaweza kutoka bombani salama kabisa yakafika kwenye kikombe yamechafuka, na kote duniani walipopima maji kwenye chanzo na tena ndani ya nyumba, wamekuta mara nyingi ya ndani ya nyumba ni machafu zaidi. Dawa yake ni ya kizamani na nyepesi, chombo ambacho mkono hauwezi kuingia. Mdomo mwembamba wa kumimina, au koki chini. Kama huna zaidi ya ndoo pana basi iwe na mfuniko muda wote na kata moja yenye mpini mrefu inayoning'inizwa, haiwekwi chini, na haiguswi upande unaozama. Mtungi wa udongo unapoza maji vizuri sana na naupenda, ila ni wa maji ya leo na kesho, sio akiba ya miezi, kwa sababu udongo una vinyweleo na kuusugua ndani ni kazi ngumu.

Mwanga nao. Niliwahi kujaza madumu sita meupe nikayapanga barazani, nikajiona nimemaliza kazi, baada ya wiki kadhaa yakawa na rangi ya kijani kwa ndani na yote nikaishia kumwagia mimea. Mwani unahitaji mwanga kama mmea mwingine wowote, ukiunyima mwanga hauoti. Weka gizani, au funika na kitambaa kizito cheusi, na palipo na ubaridi kiasi maana joto linaharakisha kila kitu kibaya.

Na mbu, hili watu wanalichukulia poa mno. Aedes aegypti, yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana na kueneza dengi, anapenda sana maji yaliyotulia ya nyumbani kwetu kuliko madimbwi ya nje. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka inaweza kuchukua wiki moja hadi siku kumi hivi. Mayai yake anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanavumilia ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji na kujaza mengine peke yake hakutoshi, maji yakipanda yanayafikia mayai na yanaanguliwa. Lazima usugue kuta. Na mfuniko uwe unaziba kweli, tundu dogo linamtosha, kama ni pipa lenye bomba la mvua weka wavu mdogo wa macho madogo.

Sasa swali la pili, kuua vijidudu, na hapa ndo ugomvi ulipo, wa kuchemsha wanawacheka wa klorini na wa klorini wanawacheka wa kuchemsha. Hizi njia hazishindani, kila moja ina kazi yake.

Kabla ya zote, maji yakiwa na tope yasafishe kwanza mpaka yaonekane maangavu. Yaache yatuame, au tumia shabu kidogo, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Bangladesh walifanya utafiti, akina mama wakawa wanachuja maji kwa sari za zamani zilizokunjwa angalau mara nne, na kipindupindu kikapungua karibu nusu, kwa sababu bakteria wa kipindupindu wengi wamejishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini ambavyo kitambaa kinavikamata. Nusu ni kubwa, lakini nusu nyingine bado ipo, kwa hiyo kuchuja ni hatua ya kwanza, haimalizi.

Kuchemsha kunaua kila kijidudu cha kuharisha, bakteria, virusi, vimelea, vyote. Dakika moja ya mchemko wa kutokota inatosha, ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari fanya dakika 3 kwa sababu huko maji yanachemka kwa joto la chini. Hizo dakika ishirini watu wanazochemsha ni kuni na gesi inapotea bure. Ila udhaifu wake ni huu, yakishapoa hayana mlinzi yeyote. Kikombe kimoja kichafu kikiingia, vijidudu vinapata uwanja mtupu. Kwa hiyo kuchemsha ni njia nzuri sana ya maji utakayokunywa leo au kesho, kwa akiba ya miezi ni njia dhaifu.

Klorini ni kinyume chake. Inaua bakteria na virusi vizuri na kinachobaki kinaendelea kukaa ndani ya maji kinalinda kwa muda, ndo maana inafaa kuhifadhi. Udhaifu wake ni vimelea fulani wenye ganda gumu, hasa Cryptosporidium. Mwaka 1993 mji wa Milwaukee kule Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na klorini, kwa sababu kimelea hicho kilipenya kwenye chujio za mtambo na klorini haikukifanya chochote. Ukiwa na mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu na chanzo cha maji ni mto au bwawa lenye mifugo, yatie klorini kwa ajili ya kuhifadhi na uyachemshe siku ya kunywa.

Kuhusu kiasi cha jiki nimeona vipimo vya ajabu, mtu anamimina kifuniko kizima kwenye ndoo. Soma lebo utafute asilimia ya sodiamu haipokloraiti, ndo dawa yenyewe inayofanya kazi ndani ya jiki, kwa sababu zinatofautiana sana, kisha shika hii, asilimia ukizidisha kwa matone ya lita moja ipate kama 10. Jiki ya asilimia 5, matone 2 kwa lita. Ya asilimia 3 na nusu, matone 3. Ya asilimia 1, matone 10. Kwa dumu la lita 20 na jiki ya asilimia 5 ni matone 40, ambayo ni mililita 2 tu, haifiki hata nusu kijiko kidogo. Kama maji yana ukungu na huna namna ya kuyasafisha zaidi, weka mara mbili, maana uchafu unakula klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Koroga, subiri nusu saa, nusa. Unatakiwa kusikia harufu hafifu ya klorini. Husikii kitu? Maana yake imeliwa yote, rudia kiasi kilekile usubiri dakika 15 nyingine, na bado ikiwa kimya tafuta maji mengine.

Jiki iwe ya kawaida kabisa, isiyo na manukato, isiyo nzito kama uji, isiyo ya nguo za rangi, na usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, inatoa gesi inayoumiza mapafu. Chupa iliyokaa zaidi ya mwaka imeshapoteza nguvu, usiiamini. Vidonge ni rahisi zaidi kama unavyo, soma tu pakiti, kuna vya lita moja na kuna vya lita 20 na kwa macho vinafanana.

Jua pia linaua, chupa safi ya plastiki inayoonyesha, isiyozidi lita 2, maji yasiyo na ukungu, ilaze juani saa 6, na kama mawingu yametanda siku 2 mfululizo. Inasaidia sana pale kuni zimeisha na klorini hakuna.

Ila kuna maji ambayo hakuna hata njia moja kati ya hizo itayasaidia. Maji ya chumvi, maji ya mafuriko yaliyopita kwenye vituo vya mafuta na maghala ya dawa za mimea, maji yenye madini ya sumu. Ukiyachemsha mvuke unaondoka sumu inabaki, tena inakolea zaidi. Na hapo ndo unaona kwa nini akiba inawekwa kabla. Mtu anasema si mto upo, si mvua ikinyesha yatajaa, lakini siku ya mafuriko maji yamekuzunguka pande zote na hayatibiki jikoni kwako.

Kama maji ya bomba unayopata tayari yana klorini kutoka mtamboni huna haja ya kuongeza wakati wa kujaza, chombo safi, jaza mpaka karibu na juu, funga, andika tarehe na neno KUNYWA kwa herufi kubwa. Badilisha kila miezi 6, sio kwamba siku ya 181 yanakuwa sumu, ni kwa sababu klorini inapotea pole pole na unapata nafasi ya kukagua mifuniko na nyufa. Usiwe na chombo kimoja kikubwa tu, gawanya, likichafuka moja mengine yapo, na weka baadhi ya lita 5 kwa sababu dumu la kilo 20 sio kila mtu ndani ya nyumba anaweza kulinyanyua, na siku ya dharura huenda mwenye nguvu hayupo. Penye mafuriko yaweke madumu juu, penye matetemeko yaweke chini na uyafunge yasianguke. Tanki la juu ya nyumba liwe na mfuniko unaofungwa, na ukisikia bomba la mtaani limepasuka au maji yamekatika ghafla, funga koki ya kuingilia mapema, maana tanki linaweza kurudisha maji yake yote chini likabaki tupu, au likapokea uchafu.

Hilo linanileta kwenye siku maji yanaporudi, siku ambayo kila mtu anafurahi na anakimbilia bombani na kikombe. Subiri. Bomba likiwa na presha, maji yanasukuma kwenda nje kwenye kila ufa, yanajilinda yenyewe. Presha ikikata, ufa uleule unaanza kuvuta ndani, na chini ya ardhi mabomba ya maji mara nyingi yamelala jirani na ya maji taka. Kwa hiyo yale ya kwanza kutoka, yenye rangi ya chai na mapovu, yaache yatiririke kwenye ndoo ya chooni. Yakishakuwa meupe bado yachemshe au yatie klorini mpaka mamlaka ya maji iseme yako sawa, na katika siku hizo endelea kunywa yale ya akiba. Ukishahakikishiwa, sugua madumu yaliyoisha, yatie jiki, yajaze upya na uandike tarehe mpya.